Dar es Salaam hadi Dakar: Umbali Uliotengenezwa na Watu

Mwalimu wa jiografia mwenye tufe mezani na kipande cha uzi mkononi anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo kubwa kwa dakika tano. Na aiweke ncha moja ya uzi juu ya Dar es Salaam, pwani ya Bahari ya Hindi. Ncha ya pili na aiweke juu ya Dakar, kwenye rasi ya Senegal iliyochomoza ndani ya Bahari ya Atlantiki na kuwa pembe ya magharibi kabisa ya bara la Afrika. Akiuvuta uzi mpaka ukakaza, atauona ukipita juu ya Burundi, Kongo zote mbili, Kameruni, Nigeria, Benin, Togo, Ghana, Burkina Faso na Mali, kisha ukaingia Senegal. Uzi huo haugusi bahari mahali popote. Tangu mwanzo hadi mwisho wake, chini yake ni ardhi ya Waafrika.

Urefu wa uzi huo, ukigeuzwa kuwa kilomita, ni 6,700 hivi. Hesabu yake si ngumu. Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000, na mduara mzima una digrii 360; kwa hiyo kila digrii moja ya mduara huo ni sawa na kilomita 111. Kati ya Dar es Salaam na Dakar zipo digrii 60, yaani sehemu moja ya sita ya mzingo wote wa dunia. Ndege kubwa ya abiria ya siku hizi, pamoja na kupaa na kushuka kwake, huenda wastani wa kilomita 850 kwa saa. Kilomita 6,700 zikigawanywa kwa 850, jibu ni saa 8 kasoro dakika chache.

Jua nalo lingemsaidia msafiri. Saa za Dar es Salaam ziko mbele ya saa za Dakar kwa saa tatu kamili. Abiria ambaye angeondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi, akaruka saa nane bila kutua, angefika wakati saa za nyumbani zinasema saa kumi alasiri, lakini wenyeji wake wa Dakar wangekuwa ndio kwanza wamefika saa saba mchana. Angekula chakula cha mchana mjini na jioni akahudhuria kikao.

Hiyo ndiyo safari ya kwenye tufe. Safari ya kwenye tiketi ni nyingine kabisa, na tofauti kati ya safari hizo mbili haikuletwa na Mwenyezi Mungu wala na milima. Imeletwa na maamuzi ya watu.

SAFARI YA TUFE NA SAFARI YA TIKETI

Chukua mfano wa mhadhiri wa chuo kikuu aliyealikwa Dakar kwenye mkutano wa CODESRIA, lile baraza la watafiti wa sayansi ya jamii lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao yake katika mji huo. Akienda kwa wakala wa usafiri hapati ndege ya moja kwa moja. Huonyeshwa orodha ya njia za kuzunguka. Akipitia Paris, ataruka kilomita 7,150 hivi kwenda Ulaya, kisha kilomita 4,200 kurudi Afrika. Jumla kilomita 11,350. Akipitia Istanbul, jumla inakaribia kilomita 10,750. Akipitia Dubai, jumla inafika kilomita 11,600, na zaidi ya hayo atakuwa ameanza safari yake kwa kuipa Dakar mgongo. Ni sawa na mtu wa Morogoro anayetaka kwenda Dodoma, akaambiwa kwamba hana budi kupitia Tanga.

Saa za kuwa angani peke yake huwa 13 au zaidi badala ya 8. Hapo hazijahesabiwa saa za kusubiri katika kiwanja cha ugenini, ambazo mara nyingi humaliza usiku mzima. Mtu aliyeitwa kwenye kikao cha siku mbili anaweza kutumia muda unaolingana na kikao chenyewe akiwa kwenye viti vya ndege na mabenchi ya viwanja. Ofisi yake inakuwa imelipa nauli ya kilomita 11,000 kwa safari ya kilomita 6,700, na sehemu kubwa ya fedha hizo, tena fedha za kigeni, zimekwenda kwa mashirika yasiyo ya Afrika.

Haki lazima itendeke: ipo njia ya Kiafrika. Kupitia Addis Ababa, msafiri huruka kilomita 1,760 kwenda kaskazini, kisha kilomita 6,150 kwenda magharibi. Jumla kilomita 7,900 hivi. Nyongeza hiyo si kubwa, na Shirika la Ndege la Ethiopia, lililoanzishwa mwaka 1945, linastahili sifa kwa kuunganisha pande za bara hili kwa miaka mingi. Lakini bara lenye nchi zaidi ya 50 haliwezi kutegemea mlango mmoja. Siku mlango huo ukijaa, au nauli yake ikipanda, au siku za safari zisipolingana na siku za mkutano, msafiri hurudi kulekule Paris, Istanbul na Dubai.

Mhadhiri na mtumishi wa wizara angalau wana ofisi za kuwalipia. Mfanyabiashara mdogo hana. Mwanamke wa Kariakoo ambaye angependa kwenda kununua vitambaa vya Senegal, au fundi viatu wa Dakar ambaye angetaka kujua ngozi ya Tanzania ikoje, hupiga hesabu ya nauli mara moja tu, kisha huacha. Hakuna takwimu inayoandika safari ambayo haikufanyika. Wala hakuna ripoti inayotaja bidhaa ambayo haikuuzwa kwa sababu muuzaji na mnunuzi hawakuonana.

Mfano wa korosho unatosha kulieleza jambo hili. Mkulima wa Mtwara analima korosho. Mkulima wa Casamance, kusini mwa Senegal, naye analima korosho. Wote wawili huuza sehemu kubwa ya mazao yao yakiwa ghafi kwa wabanguaji wa Asia. Wana mnunuzi mmoja, wana tatizo moja, na wangeweza kufundishana na kupatana juu ya mambo mengi. Lakini kila mmoja anamjua mnunuzi wake kuliko anavyomjua mwenzake. Wanakutana mlangoni kwa mnunuzi tu, kila mmoja na gunia lake.

NJIA ZILIZOCHORWA NA MKOLONI

Hali hii ina historia. Mkoloni alipojenga reli katika Afrika, alizijenga kutoka machimboni na mashambani hadi bandarini, si kutoka koloni moja kwenda koloni jingine. Ndege zilipokuja alifanya vivyo hivyo angani.

Mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua safari za kutoka London mpaka Cape Town. Ndege zake zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 zilifuata ndege za majini zilizoshuka pwani, Dar es Salaam na Lindi zikiwa miongoni mwa vituo. Kusudi la njia hiyo lilikuwa kuifikisha barua ya London kwa maofisa wa London. Upande wa magharibi Wafaransa nao walifanya yao. Njia ya barua iliyoanzia Toulouse ilishuka pwani ya Afrika hadi Dakar, na mwaka 1930 rubani Jean Mermoz aliruka kutoka Saint-Louis ya Senegal akavuka Atlantiki mpaka Natal, Brazil, akiwa na mifuko ya barua.

Kwa hiyo miji hii miwili ilijulishwa kwa ulimwengu mapema sana, lakini haikujulishana yenyewe kwa yenyewe. Dar es Salaam ilifungwa kamba na London. Dakar ilifungwa kamba na Paris. Uhuru ulipokuja, bendera zilibadilika upesi kuliko ramani za safari za ndege.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea tarehe 21 Januari 1976. Siku hiyo ndege ya Concorde ya Ufaransa, yenye kasi ya mara mbili ya mwendo wa sauti, ilianza safari zake za abiria. Njia yake ya kwanza ilikuwa Paris, Dakar na Rio de Janeiro. Mpaka njia hiyo ilipofungwa mwaka 1982, Dakar ilikuwa moja ya miji michache duniani iliyohudumiwa na ndege ya abiria yenye kasi kuliko zote. Msafiri wa Paris aliwekewa kituo Dakar ili ndege yake ipate mafuta ya kuvukia bahari. Msafiri wa Dar es Salaam aliyetaka kufika hapohapo hakuwa na lolote katika mpango huo. Teknolojia iliyopunguza umbali kati ya Ulaya na Amerika Kusini ilipita juu ya Afrika, ikatua katika Afrika, lakini haikupunguza umbali wa Afrika kwa Afrika.

Ni kweli kwamba maumbile nayo yana sehemu yake. Dakar iko karibu na Recife ya Brazil, umbali wa kilomita 3,200 hivi, kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Dar es Salaam nayo iko karibu na Mumbai kuliko ilivyo karibu na Dakar. Afrika ni pana, na hakuna azimio litakaloipunguza hata kilomita moja. Lakini upana wa bara ni jambo moja, na kumlazimisha mtu atoke nje ya bara ili alivuke ni jambo jingine.

ANGA LA NANI?

Kwa nini basi shirika lolote la Afrika lenye ndege nzuri haliamki asubuhi moja likaanza safari hizo? Jibu limo katika mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Mkataba huo ulithibitisha kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na kwamba ndege ya abiria yenye ratiba haiwezi kuingia humo bila ruhusa. Wakati huo nchi za Afrika zilizokuwa huru zilihesabika kwa vidole. Nyingine zote ziliurithi utaratibu huo zilipopata uhuru, nazo ziliupokea kwa furaha, kwa sababu anga ni sehemu ya utaifa kama ilivyo ardhi.

Matokeo yake ni kwamba haki za ndege hujadiliwa na nchi mbilimbili. Nchi moja hukubaliana na nyingine ndege zipite wapi, zitue mara ngapi kwa juma, na shirika gani liruhusiwe. Haki iliyo ngumu kupatikana ni ile iitwayo uhuru wa tano. Hiyo ni haki ya ndege ya nchi ya kwanza kutua katika nchi ya pili, ikapakia abiria wa huko, na kuwapeleka nchi ya tatu. Bila haki hiyo, ndege inayotoka Dar es Salaam inaweza kutua njiani kujaza mafuta, lakini haiwezi kujaza viti vilivyo wazi. Na ndege yenye viti vitupu haiendi mbali hata ikiwa na mafuta tele.

Viongozi wa Afrika waliliona tatizo hili zamani. Tarehe 7 Oktoba 1988, mawaziri wanaohusika na usafiri wa anga walitoa tamko mjini Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, la kutaka mashirika ya Afrika yashirikiane. Tarehe 14 Novemba 1999 walirudi katika mji huohuo na kupitisha uamuzi wenye nguvu zaidi: nchi za Afrika zifunguliane anga, uhuru wa tano ukiwemo. Tarehe 28 Januari 2018, Umoja wa Afrika ulizindua mjini Addis Ababa Soko Moja la Usafiri wa Anga Afrika, nchi 23 zikiwa za kwanza kujiunga.

Tangu tamko la kwanza hadi uzinduzi huo ilipita miaka karibu 30. Mtoto aliyezaliwa siku ya tamko alikuwa ameshamaliza shule, ameoa na kuanza kazi. Yapo mashirika yaliyonufaika na zipo njia zilizofunguliwa, na si haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Hata hivyo, Afrika yenye takriban asilimia 18 ya watu wote wa dunia imeendelea kuwa na takriban asilimia 2 tu ya usafiri wa anga wa dunia. Maazimio yametimizwa kwa karatasi kuliko kwa mabawa.

HOFU ZENYE MSINGI

Wanaosita kufungua anga wana hoja zao, na hoja hizo hazifai kudharauliwa. Wanasema mashirika machache yenye nguvu yatayameza madogo. Wanasema taifa lisilo na ndege zake hubaki likiomba lifti. Na wanakumbusha kwamba Afrika imewahi kujaribu kushirikiana katika jambo hili ikashindwa.

Ni kweli. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, likaja kuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, likamiliki ndege kubwa za Super VC10 na kujenga jina. Mwaka 1977 lilikufa kwa magomvi ya wenye mali juu ya madeni na michango. Mwaka huohuo Air Tanzania ilizaliwa, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe tena mpaka mwaka 1983. Katika miaka hiyo, umbali kati ya Dar es Salaam na Nairobi haukubadilika. Ulibaki kilomita 660 hivi, mwendo wa saa moja na kidogo kwa ndege. Lakini kila aliyeishi wakati ule anajua jinsi miji hiyo miwili ilivyokuwa mbali.

Upande wa magharibi, nchi 11 zilizokuwa chini ya Ufaransa ziliunda Air Afrique mwaka 1961. Kwa miongo kadhaa shirika hilo lilikuwa fahari ya Waafrika. Madeni na uendeshaji mbaya vililiua mwaka 2002.

Lakini yafaa somo la vifo hivyo lisomwe sawasawa. Mashirika hayo hayakufa kwa sababu Waafrika walisafiri pamoja. Yalikufa kwa sababu serikali zilitaka heshima ya kumiliki bila wajibu wa kulipa. Kufunguliana anga hakudai serikali kumi zimiliki shirika moja. Kunadai jambo dogo zaidi: kila nchi ibaki na shirika lake ikiwa inaliweza, lakini impe ndugu yake ruhusa ya kupita, kutua na kupakia. Mwenye nyumba hahitaji kumpa jirani hati ya kiwanja ili amruhusu kupita uani.

Kuhusu hofu ya kumezwa, swali ni moja: mashirika madogo yanamezwa na nani hivi sasa? Kila abiria anayekwenda Dakar kwa kupitia Ulaya au Ghuba tayari amekwisha mezwa. Anga lililofungwa dhidi ya jirani halikumzuia mgeni wa mbali, kwa sababu mgeni huyo alikuja na ndege kubwa na kupewa ruhusa mapema. Nchi nyingi za Afrika zimekuwa wepesi kumfungulia aliye mbali kuliko aliye karibu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini katika jambo hili fimbo ya mbali ndiyo iliyotegemewa.

LAGOS IKO NJIANI

Ipo hoja nyingine, nayo ni ya hesabu. Wanaoendesha mashirika husema kwamba abiria wa kutoka Dar es Salaam kwenda Dakar ni wachache mno kujaza ndege. Hoja hiyo ni ya kweli. Ndege ya moja kwa moja, ikipelekwa kila siku, ingeruka nusu tupu na kuleta hasara, na hasara ya shirika la umma hulipwa na mwananchi ambaye hajawahi kupanda ndege.

Lakini turufu iko kwenye ule uzi wa mwalimu. Uzi ukiangaliwa kwa makini, unapita karibu kabisa na Lagos. Kutoka Dar es Salaam hadi Lagos ni kilomita 4,240 hivi. Kutoka Lagos hadi Dakar ni kilomita 2,460 hivi. Jumla yake ni kilomita 6,700, yaani ileile ya kwenda moja kwa moja. Tofauti haifiki hata kilomita 50. Maumbile yameuweka mmoja wa miji mikubwa kuliko yote katika Afrika, wenye watu milioni nyingi na wafanyabiashara wasiokaa kitako, katikati ya njia.

Ndege ikitoka Dar es Salaam, ikatumia saa tano kufika Lagos, ikasimama saa moja na nusu kushusha na kupakia, kisha ikatumia saa tatu kufika Dakar, safari nzima ingemalizika kwa saa kumi hivi. Viti vya waliokwenda Lagos vingekaliwa na wanaotoka Lagos kwenda Dakar. Safari ambayo haina faida kwa abiria wa miji miwili ingeweza kuwa na faida kwa abiria wa miji mitatu. Kinachohitajika hapo ni ule uhuru wa tano, na uhuru huo haununuliwi kiwandani. Hutolewa kwa saini.

Ndege zenyewe si kikwazo. Mwezi Julai 2018 Air Tanzania ilipokea ndege ya Boeing 787-8, aina inayoweza kuruka zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Yaani ingeweza kufika Dakar na kukaribia kurudi bila kujaza mafuta. Viwanja navyo vipo. Senegal ilifungua kiwanja kipya cha Blaise Diagne mwezi Desemba 2017. Dar es Salaam ilifungua jengo la tatu la abiria katika Kiwanja cha Julius Nyerere mwaka 2019, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Milango imejengwa pande zote mbili. Kilichobaki ni kuwekana njiani.

Pale panaposemwa kwamba jambo haliwezekani kwa sababu halina faida, yafaa ikumbukwe reli ya TAZARA. Wataalamu wa nchi za Magharibi walisema haina manufaa ya kiuchumi. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa sababu Zambia ilihitaji njia isiyopita mikononi mwa walowezi. Matatizo ya uendeshaji yaliyofuata yanajulikana, nayo ni onyo. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba njia hiyo haikuwezekana.

KAZI YA MEZANI NA KAZI YA DARASANI

Kwa hiyo jambo hili si la marais na mawaziri peke yao. Viongozi hutia saini, lakini saini hutekelezwa mezani. Ruhusa ya ndege kutua hukaa katika faili, na faili lina mtumishi wake. Kodi na tozo zinazopandisha nauli hupendekezwa na watumishi. Masharti ya viza humfika mgeni kupitia dirisha ambalo nyuma yake ameketi mtumishi. Mwezi Januari 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kusafiri huru katika bara hili, lakini nchi zilizoiridhia zilibaki chache kwa miaka mingi. Ndege ya saa kumi haina maana ikiwa viza yake inachukua majuma matatu.

Mtumishi wa umma anayepanga safari ya kikazi naye ana la kufanya. Na aulize njia ya Kiafrika kwanza kabla ya kukubali ile ya Ulaya. Ikiwa haipo, au ikiwa ni ghali mno, na aandike hivyo katika ripoti yake, ili kilio kisiishie kwenye benchi la kiwanja cha ndege. Wizara zikijua ni siku ngapi na fedha kiasi gani hupotea kwa mizunguko hii kila mwaka, hoja ya kufungua anga itakuwa na tarakimu mkononi.

Mwalimu naye ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto anayejua kwamba London iko wapi lakini hajui Dakar iko wapi, atakapokuwa mkubwa ataona ni jambo la kawaida kwenda Dakar kwa kupitia Ulaya. Hatashangaa, kwa hiyo hatauliza. Na afundishwe kwamba mwaka 1966 Dakar iliwakaribisha watu weusi wa dunia katika tamasha kubwa la sanaa, na kwamba mwaka 1974 Dar es Salaam iliwakaribisha katika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Na aelezwe kwamba Senghor, mshairi, na Nyerere, mwalimu aliyeufasiri mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, wote wawili walikuwa Addis Ababa mwezi Mei 1963 ilipotiwa saini hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Miji hii miwili imekuwa na mengi ya kuambiana kabla hata ya kupata njia ya kufikiana.

Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza kazi tarehe 1 Januari 2021. Ni jambo jema, lakini biashara haifanywi na mikataba. Hufanywa na watu wanaoonana, wakashika bidhaa, wakapatana bei. Soko ambalo muuzaji na mnunuzi wake hawawezi kulifikia bila kupitia kwa mtu wa tatu ni soko la mtu wa tatu.

Uzi wa mwalimu ungali pale juu ya tufe, umekazwa kutoka bahari hadi bahari. Hauhitaji mkopo, wala mtaalamu kutoka nje. Kilomita ni 6,700 na saa ni 8, au 10 kwa kupitia Lagos. Kila kilichozidi hapo kimewekwa na binadamu, na kilichowekwa na binadamu kinaweza kuondolewa na binadamu.